Mto tunaoukata kabla haujawa mto

Abiria anayepanda basi Moshi kwenda Arusha huuvuka Mto Pangani mara nyingi njiani, na kwa kawaida hushuka Arusha bila kujua kwamba ameuvuka hata mara moja. Anapita Karanga kabla hajatulia kitini, kisha Weruweru, kisha bonde refu la Kikafu, ambako madereva hupunguza mwendo hata wale wasio na desturi hiyo, kisha Sanya, Maji ya Chai, Usa na Nduruma, na akifika mjini anaikuta Themi ikipita katikati ya jiji na mizigo yake ya chupa za plastiki. Maji ya mito hiyo yote, yale yanayobahatika kufika, yanaingia Kikuletwa, na Kikuletwa ndiyo Pangani. Hata hivyo, mwambie mtu wa Moshi kwamba yeye ni mtu wa Pangani, naye atakujibu kwamba Pangani iko Tanga.

Katika makala hii nataka kuutetea usemi kwamba mtu wa Moshi ni mtu wa Pangani. Historia ya Mto Pangani imezoeleka kusimuliwa kuanzia mdomoni, pwani, kwa kuwa huko ndiko walikotua wageni wenye kalamu, na kadiri msimulizi anavyopanda juu ndivyo habari zinavyopungua, hadi mlima unapobaki kuwa pambo la mwisho wa safari. Mimi naona mambo makubwa ya mto huu yamefanyika huku juu, mikononi mwa watu waliokuwa wakiyagawa maji kabla hayajakusanyika kuwa mto. Kila kilichofuata kule chini, yaani biashara ya misafara, mashamba ya miwa, bwawa, umeme na sheria, kimelazimika kujipanga upya kufuatana na mgawo huo, au kupigana nao.

Kwanza, mto wenyewe. Kikuletwa inakusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Ruvu inatoka upande wa mashariki wa mlima na katika Ziwa Jipe, ambalo tunalimiliki pamoja na Kenya. Mito hiyo miwili inakutana mahali ambapo leo kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unaelekea kusini mashariki, milima ya Upare na ya Usambara ikiwa kushoto kwake na nyika ya Wamaasai kulia, hadi Korogwe, Hale na Bahari ya Hindi. Ukihesabu tangu chemchemi za juu, ni safari ya kilomita 500 hivi, na bonde lake lote lina zaidi ya kilomita za mraba 43,000. Mbele ya Rufiji huu ni mto mdogo, na wapo watakaocheka nikiuita mkubwa. Mimi naupima kwa idadi ya watu wanaogombania maji yake, na kwa kipimo hicho hauna wa kuudharau.

Jambo jingine linalohitaji kuwekwa sawa ni theluji. Wageni wengi, na baadhi yetu pia, huamini kwamba mito ya Kilimanjaro inatiririka kutoka kwenye barafu ya Kibo, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Barafu imepungua kweli, na kupungua huko kunasikitisha, lakini mchango wake kwa mito ni mdogo sana. Maji yanatengenezwa na msitu. Ukanda wa msitu ndio unaopokea mvua kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima, ndio unaokamua ukungu kwa majani na ndevu za miti yake, na ndio unaoyapeleka maji chini ya ardhi yaje kuibuka tambarare kama chemchemi. Anayeogelea Chemka siku ya Jumapili, chini ya ile mikuyu yenye mizizi iliyoning'inia majini, anaogelea katika mvua iliyonyesha msituni. Maji hayo yanayoibuka kati ya Boma Ng'ombe na Rundugai ndiyo yanayoifanya Kikuletwa iendelee kuwa mto wakati wa kiangazi, pale mito mingi ya juu inapokuwa imebaki mawe.

Wa kwanza kuyatumia maji haya kwa ustadi mkubwa hawakuwa wa mlimani peke yao. Arusha Chini, huko kusini mwa Moshi ambako sasa kuna miwa hadi upeo wa macho, waliishi wakulima wanaozungumza Kimaasai waliokuwa mabingwa wa umwagiliaji. Katika miaka ya 1830 baadhi yao walihama wakapanda kwenye miteremko ya kusini magharibi ya Mlima Meru, wakawa majirani wa Wameru waliowatangulia upande wa mashariki, ambao lugha yao ni ndugu wa Kichagga. Wahamiaji hao ndio Waarusha. Jiji linalojivunia mikutano ya kimataifa na magari ya watalii limechukua jina lake kwa watu wa mtoni, wakulima wa mifereji waliokwea na ujuzi wao.

Kwa Wachagga mfereji unaitwa mfongo, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana hili ndilo jambo lenyewe. Mito ya Kilimanjaro imechimba makorongo marefu, na vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, viko juu ya migongo ya ardhi iliyo kati ya korongo na korongo. Mtu anasikia maji yakinguruma chini yake na hana namna ya kuyapata shambani. Njia pekee ni kwenda juu kabisa, karibu na msitu au ndani yake, mahali ambapo mto bado haujazama, kuyakinga huko, kisha kuyatembeza ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo kuliko ule wa mto, hadi yatokee juu ya mgongo wa ardhi na kuanza kugawanywa. Mfongo mmoja unaweza kwenda kilomita kadhaa kabla ya kumfikia mtumiaji wa kwanza. Ulipokatiza bonde dogo, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa. Yapo mamia ya mifongo ya namna hii, na yote ilichimbwa bila chombo cha kupimia. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Uchagani mwaka 1884, aliistaajabia, na haki alikuwa nayo.

Nimewahi kwenda na watu wa mfongo mmoja wa Old Moshi siku ya kazi ya pamoja, baada ya mvua kubwa kubomoa banio. Banio ni lile zuio dogo linaloinua maji ya mto yaingie mferejini. Lilikuwa la mawe, vigogo vya migomba na udongo, na siku hizi linaongezewa viroba vya mchanga na sementi kidogo pesa zikipatikana. Mzee aliyekuwa akisimamia kazi alipokea shikamoo yangu, akaniuliza kwanza mimi ni wa ukoo gani, kisha ndipo akaniuliza jina. Nilimuuliza wazee walijuaje mteremko unaofaa, maana kwa jicho langu sehemu moja ya mfereji ilionekana kabisa kama inapanda.

"Mwanangu, walichimba maji yakiwa nyuma yao," akasema. "Ukichimba hatua tatu unayaachia. Yakikufuata, endelea. Yakikataa, umekosea."

Nikamuuliza maji ni ya nani. Akanionyesha ubao uliopachikwa mahali mfereji unapogawanyika, uliokatwa pengo mbili zisizolingana, akaniambia kwamba pengo kubwa ni la ukoo uliochimba na dogo ni la waliojiunga baadaye kwa kuleta mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na nguvu zao. Asiyefika siku ya kazi anatozwa, na asipolipa zamu yake inarukwa. Zamani adhabu ilikuwa pombe au mbuzi, sasa ni pesa, ingawa mzee alikiri kwamba mbege bado haikataliwi. Zamu hupangwa kwa saa za mchana, na usiku maji hukusanywa katika bwawa dogo la udongo ili asubuhi yatoke kwa nguvu. Upareni mabwawa hayo huitwa ndiva, na katika baadhi ya mabonde yao makubaliano ni kwamba wa juu watumie mchana, na ya usiku yaachwe yashuke hadi kwenye ndiva za wa chini.

Haikuwa pepo ya usawa, na sipendi namna baadhi yetu tunavyoisifu mila kana kwamba haikuwa na madaraka ndani yake. Wanawake hawakuruhusiwa kufika kwenye banio, ingawa wao ndio waliochota maji alfajiri na kulima maharage yaliyomwagiliwa. Ukoo mchanga ulisubiri. Wamangi, yaani watawala wa Kichagga, walipopigana, jambo ambalo karne ya 19 lilikuwa la mara kwa mara, kukata mfongo wa adui kulikuwa silaha. Pamoja na hayo, mpangilio wenyewe ulikuwa wa kisiasa kwa maana kamili ya neno: uliwalazimu watu wasiopendana wakutane kila mwaka, mikono ikiwa na matope, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kulitengeneza banio peke yake. Zao kubwa la kiangazi lilikuwa ulezi, na ulezi ndio mbege, kwa hiyo maji yaliyogawanywa yaliishia pia kunywewa na wagawanaji wakiwa pamoja.

Wakati huo huo, chini kabisa, mji wa Pangani ulikuwa umeufanya mto kuwa mlango wa bara. Misafara ilifuata bonde lake ikipita Uzigua na pembezoni mwa ufalme wa Wasambaa, ambao hadi kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 ulikuwa na nguvu hata pwani, ikaendelea hadi chini ya Kilimanjaro na Umaasaini. Ilipanda na nguo, shanga, nyaya na bunduki, ikashuka na pembe za ndovu na watu. Nasema watu makusudi. Kuvunjika kwa ufalme wa Wasambaa na vita vya wamangi viliwalisha wafanyabiashara hao mateka, na wengi wao hawakuvuka bahari, bali walibaki kulima miwa kwenye mashamba ya kando ya mto, karibu na Pangani yenyewe. Mangi Rindi wa Moshi aliijua biashara hiyo vizuri na aliitumia kujipatia bunduki. Kwa msafara uliochoka na njaa, ndizi na maharage yaliyostawishwa na mifongo yalikuwa ndiyo sababu ya kupita Uchagani badala ya kwingineko.

Agosti 1888 Wajerumani wa kampuni ya kikoloni walipotaka kuutawala mji wa Pangani, mji ulikataa, na Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huko, akawa kiongozi wa vita. Katika vurugu hizo walikamatwa wasafiri wawili waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, Hans Meyer na Oscar Baumann, wakaachiwa baada ya kukombolewa kwa fedha. Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kibo mwaka uliofuata, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huo huo wa 1889. Vitabu vyetu vya shule huweka kilele katika sura moja na kitanzi katika sura nyingine, ilhali ni habari za mto mmoja. Miaka 10 hivi baadaye, Machi 1900, Mangi Meli, mwana wa Rindi, naye alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine.

Reli ndiyo iliyoua njia ya misafara. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafuata bonde la Pangani sehemu kubwa ya safari yake, na ilifika Moshi mwaka 1911. Machi 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Kahe, palepale mito inapokaribiana, na Wajerumani wakarudi nyuma wakiifuata reli. Mwaka ambao reli ilianza ndio mwaka ambao Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikabaki hai 62 tu, na hiyo ikazaa mashamba yaliyofunika nyanda za chini za mto kwa muda mrefu wa karne ya 20.

Utawala wa Kiingereza ndio ulioanza kuutazama mto kama hesabu. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi kati ya Meru na Kilimanjaro, wakapewa haki za maji kwa maandishi. Kahawa ilikuwa imeenea vihambani, na mifongo ilikuwa ikiongezeka. Katika miaka ya 1930 Edmund Teale na Clement Gillman waliandika taarifa juu ya udhibiti wa maji katika jimbo hili, na tangu hapo wazo kwamba mfongo ni upotevu halijawahi kuondoka ofisini. Ni kweli kwamba mfereji wa udongo huvujisha maji mengi. Lakini maji yanayovuja kwenye mfongo hayapotei yote, kwani mengine yanashuka ardhini na kunywesha migomba ya jirani asiye na zamu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 kampuni ya wawekezaji kutoka Denmark ilianza kulima miwa Arusha Chini. Hiyo ndiyo TPC ya leo, iliyokuja kutaifishwa na baadaye kubinafsishwa, na kilio chake cha kila kiangazi kuhusu maji ya Weruweru na Kikuletwa kinasikika hadi mjini.

Baada ya uhuru likaja bwawa. Nyumba ya Mungu ilikamilika katikati ya miaka ya 1960, nalo likabadilisha mambo mengi kuliko lilivyokusudiwa. Wavuvi walikuja kutoka mbali, perege wakavuliwa kwa wingi mno mwanzoni, kisha wakapungua, na vijiji vya wavuvi vikabaki vikiwa na nyavu nyingi kuliko samaki. Chini ya bwawa, eneo oevu la Kirua lililokuwa likifurika kila msimu lilinyimwa mafuriko yake, na pamoja nayo samaki na malisho. Umeme nao ukapatikana: megawati 8 hapo bwawani, 21 Hale, na 68 katika mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani ulioanza kazi mwaka 1995 kwa msaada wa nchi za Skandinavia na Finland. Megawati hizo ndizo zilizompa mkulima wa Kibosho mpinzani asiyemwona. Kila lita aliyoigeuza kihambani ilikuwa sasa ni umeme usiozalishwa kilomita mamia kutoka kwake.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu haumwachi yeyote bila lawama, ni wa Moshi Chini. Kwa msaada wa Japani ilijengwa skimu ya mpunga iliyokamilika mwaka 1987, ikitumia maji ya Rau na Njoro. Mifereji ilisakafiwa, mabanio yakawekewa milango ya chuma, wataalamu wakakaa Chekereni, na mpunga ukakubali vizuri kuliko matumaini. Wakulima wa juu ya skimu waliangalia mavuno hayo wakafanya jambo la busara kabisa, wakaanza kulima mpunga wao wenyewe kwa maji yaleyale kabla hayajafika skimuni. Kadiri skimu ilivyofanikiwa ndivyo ilivyokauka. Wahandisi walikuwa wamepima kila kitu isipokuwa macho ya jirani.

Serikali ilijibu kwa sheria. Ofisi ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na Bodi yake sasa iko hapa Moshi. Kila mfongo ulitakiwa uwe na kibali kinachotaja lita kwa sekunde, na kibali kinalipiwa. Waliokuwa wameambiwa kwa miongo kadhaa kwamba maji ya kijijini ni bure walijibu kwa msemo unaojulikana, kwamba maji ni ya Mungu na bomba ni la serikali, na kwenye mfongo hakuna bomba. Yule mzee wa Old Moshi aliniambia kwamba wao wana kibali, akatoa mfuko wa nailoni wenye risiti zilizokunjwa vizuri. Nikamuuliza kama lita zilizoandikwa ndizo wanazochukua. Akacheka, akasema maofisa hupima mchana.

Sioni kwamba sheria ilikuwa upumbavu. Kanuni za mfongo zilijua kugawa maji kati ya koo za mgongo mmoja wa ardhi. Hazikuwahi kuulizwa habari za Mpare wa Buiko, mtambo wa Hale au mkulima wa minazi pwani. Hao wanahitaji mtu wa kuwasemea, na sera ya maji ya mwaka 2002 ilifanya jambo zuri ilipoweka mahitaji ya msingi ya watu kwanza na ya mto wenyewe pili, kabla ya umeme na kilimo. Kosa ninaloliona ni kudhani kwamba karatasi inaweza kuchukua nafasi ya siku ya kazi. Jumuiya za watumia maji zinazoundwa sasa kwenye vijito mbalimbali, ambamo watu wa juu na wa chini wanapangiana siku, zinafanikiwa pale zinapofuata tabia ya mfongo, yaani watu kukutana kwenye banio lenyewe, wakati maji yamepungua. Zinashindwa pale zinapokuwa kikao cha posho hotelini.

Kuna pia suala la ubora wa maji, ambalo kwenye mikutano hiyo halipewi muda. Majivu ya volkano ya Meru yametia madini ya floraidi katika vijito na visima vingi vya upande wetu, na waliokulia Maji ya Chai au Ngarenanyuki wanaijua alama yake kwenye meno yao ya kahawia. Watu hao wanaweza kukaa kando ya mto na bado wakawa hawana maji ya kunywa.

Huko mdomoni, maji matamu yakipungua, bahari inapanda mtoni. Watu wa Pangani mjini na vijiji vya juu yake wameona chumvi ikifika mahali ambapo zamani walichota maji ya kunywa, na mashamba ya kando ya mto yakiharibika. Hawana mfongo wa kuukata wala banio la kulinda. Wanapokea tu kilichobaki baada ya wote kuchukua. Bodi ya Bonde inawawakilisha kwa takwimu, na takwimu hazijawahi kumwaibisha mtu wa Uchagani. Ningekuwa na sauti humo ndani, ningependekeza kwamba kila Januari, kabla kiangazi hakijakaza, mkulima mmoja wa Pangani asafirishwe hadi Old Moshi au Kibosho siku ya kazi ya mfongo, aulizwe ukoo wake kama nilivyoulizwa mimi, apewe jembe, na aelezwe mbele ya watu wote ni pengo lipi la ubao lililo lake.